Msaragambo wa Giza

Sijawahi kumchukia mtu kwa sababu ya pazia, ila mwaka ule nilikaribia sana.

Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari ya kata, juu kwenye milima ya Upare Kusini, huko ambako gari likitoka Same linapanda mpaka masikio yanaziba. Wenyeji wetu waliohamia Dar es Salaam walichanga fedha kwa ajili ya shule ya nyumbani. Sharti lao lilikuwa moja tu, tununue projekta, mashine ya kuonyesha picha ukutani, watoto wetu nao wasome kama wenzao wa mjini. Bajeti tungepanga wenyewe. Waliposema hivyo nilifurahi, sikujua nafurahia nini.

Mkuu wa shule alinipa kazi ya kuandaa makisio. Nilishuka Same, nikazunguka juani duka hadi duka nikikusanya profoma, zile karatasi za bei, kwa sababu bila profoma tatu zenye mihuri hakuna anayekusikiliza. Nikaandika projekta, kompyuta, spika na waya wa kuvutia umeme. Mwisho nikaandika mapazia manne, mazito, meusi. Kwa projekta ya bei tuliyoimudu, darasa likiwa na mwanga picha haionekani, na darasa letu la kidato cha nne lina madirisha manne makubwa yanayotazama mashariki, hayana vioo wala mti wa kuyakinga. Asubuhi jua linaingia mle kama lina kiti chake.

Na kulikuwa na binti mmoja. Alikuwa na ualbino, na macho yake yalikuwa hafifu kiasi kwamba hata kwenye dawati la mbele kabisa aliona ubao mweusi wenye ukungu mweupe, basi. Mwanga nao ulimuumiza. Alisoma akiwa ameinamisha kofia yake pana usoni. Masomo mengine aliyashika kwa masikio, na alikuwa na masikio hasa! Ila usomaji ramani hausikiki. Ile mistari ya kontua inayoonyesha mwinuko wa ardhi ni myembamba kama nywele, na swali la ramani kwenye mtihani wa taifa si la hiari. Siku ya mtihani angepewa karatasi ya maandishi makubwa, hilo tuliahidiwa, lakini karatasi kubwa itamsaidia nini mtu ambaye hajawahi kuiona kontua? Alitaka kuwa muuguzi. Alihitaji kila alama. Mimi projekta niliitaka kwa ajili ya darasa zima, lakini mapazia niliyataka kwa ajili yake, na nilisema hivyo mbele ya kikao.

Mwenyekiti wa bodi yetu ni mzee mstaafu, pia mzee wa usharika kanisani, mtu aliyesimamia ujenzi wa nusu ya majengo ya shule ile kwa msaragambo. Kwetu msaragambo ni kazi ya wote: siku ikitangazwa, kila nyumba inatoa mtu, mawe yanabebwa, mfereji unazibuliwa, asiyekuja anatozwa faini. Mzee huyu amebebesha watu mawe mpaka mlima umebadilika sura. Alipofika kwenye mstari wa mapazia alivua miwani.

"Mwalimu, mapazia ya nini? Hii ni shule au gesti?"

Kikao kizima kikacheka. Nilieleza habari ya mwanga. Nikaeleza habari ya binti.

"Nakuelewa, mwalimu, wala sikupingi," akasema kwa ule upole unaokera kuliko matusi. "Lakini kupanga ni kuchagua. Waliotuchangia watataka kuona mashine. Hakuna atakayepanda kutoka Dar kuja kuangalia kitambaa."

Mapazia yakakatwa. Mahali pake pakaandikwa uzinduzi: turubai, viti, pilau, na utepe wa kukatwa na mgeni rasmi. Nilisaini muhtasari. Ni sawa na kununua ng'ombe ukakataa kununua kamba, halafu hela ya kamba ukaipigia ngoma ya kumkaribisha ng'ombe.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani, saa sita mchana, jua la utosi. Projekta iliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, ikaelekezwa kwenye ukuta wa ofisi. Mgeni rasmi akakata utepe, akabonyeza. Ukutani hapakuonekana kitu. Palikuwa na ukuta. Akapiga makofi, na sisi sote tukapiga makofi, tukiutazama ukuta tuliokuwa nao tangu shule ijengwe. Mwenyekiti aliniinamia akanong'ona, "Umeona?" Nilimjibu kwamba sijaona, naye akadhani natania.

Nilijaribu kuziba madirisha kwa maboksi, unyevu uliyafanya uji kabla wiki haijaisha. Nikataka kununua mapazia kwa mshahara wangu, mkuu wa shule akanikataza. Kitu kikiingia shuleni nje ya bajeti, alisema, mkaguzi atauliza kimetoka wapi. Nikamuuliza kama mkaguzi atauliza pia kwa nini tuna projekta isiyoonekana. Akasema hapana, hiyo ina risiti.

Aliyetuonea huruma alikuwa ukungu. Asubuhi moja uliteremka mzito mpaka ukaingia madirishani, darasa likawa giza, na kwa bahati umeme ulikuwepo. Nilikimbia ofisini kuifuata mashine. Nikawasha, nikaweka ramani, na milima ikajaa ukuta mzima, kontua nene kama kamba ya mbuzi.

Binti alinyanyuka bila ruhusa. Alivua kofia. Alikwenda mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja akaufuata, ukazunguka, ukamrudisha pale alipoanzia.

"Madam," alisema, "kumbe hii mistari haikatani! Mtu akiufuata huu, hapandi wala hashuki?"

"Hapandi wala hashuki."

"Kama mfereji wetu wa kule juu."

Miaka yote nimefundisha kontua, sijasikia maelezo bora. Alikuwa bado amesimama, kidole kwenye kilele, jua lilipopasua ukungu. Ukuta ukawa mweupe. Akakiacha kidole pale pale kwa muda, kisha akatafuta kofia yake. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, sioni haya kusema.

Katika mkutano wa wazazi nikasimama tena. Nilisema mapazia, mapazia, mpaka watu wakaanza kunitazama kama mwenye pepo. Mwenyekiti akajibu kwamba fungu hilo halipo. Ndipo akasimama mama wa binti, mwanamke wa maneno machache anayelima tangawizi, na najua alisimama kwa mapenzi tupu.

"Shikamoo mwenyekiti. Mimi naona, kama kinachotakiwa ni giza tu, giza halina haja ya kununuliwa. Kila nyumba hapa ina blanketi. Tangaza msaragambo."

Watu wakashangilia. Mwenyekiti aling'aa uso mzima. Hatimaye jambo lile lilikuwa limezungumzwa kwa lugha anayoijua. Hata mkuu wa shule aliafiki, kwa kuwa blanketi litakaloingia asubuhi na kutoka jioni mkaguzi hana habari nalo.

Siku ya kwanza yalikuja mablanketi ya kufunika shule nzima. Tuliyapigilia madirishani mawili mawili, darasa likawa na giza tamu, na binti akasoma ramani kwa vipindi viwili mfululizo, akiuliza maswali mpaka wenzake wakaguna. Nilijiona mjinga kwa kugombania mapazia. Nilimshukuru mama yake mbele ya watu.

Lakini msaragambo uliumbwa kwa ajili ya mawe. Jiwe ukishalibeba linabaki pale ulipoliweka. Blanketi lina mwenyewe, na usiku kwetu ni baridi. Kipupwe kilipokolea, mablanketi yalirudi nyumbani yamelowa, watoto wadogo wakalala wakikohoa, na kila wiki yakaja machache zaidi. Sikuweza kumlaumu mtu. Mimi mwenyewe nisingempa mwalimu blanketi la mwanangu. Na faini kwa asiyeleta blanketi? Hata mwenyekiti hakuthubutu.

Hata hivyo bajeti mpya ilipokuja aliusoma mstari wangu wa mapazia kwa sauti ya mtu anayesoma kitu cha kale.

"Hili wananchi walishalimaliza kwa nguvu zao," akasema, akapiga kalamu. Kisha akaongeza kwamba shule nyingine zije zijifunze kwetu kubana matumizi. Nilimwangalia mama wa binti, mjumbe wa wazazi, amekaa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

Mwishowe yalibaki mablanketi mawili, la kwangu na la kwao. Yaliziba madirisha mawili ya nyuma, nami nikaisogeza mashine kwenye kona hiyo mpaka picha ikawa na ukubwa wa sinia. Binti alikaa pale chini, pua karibu na ukuta, akisoma mlima kipande kwa kipande. Kila siku ya ramani alipanda kilima na blanketi begani, kofia kichwani, begi mgongoni. Siku moja, mtihani ukiwa umekaribia, alikuja mikono mitupu.

"Madam, shikamoo. Leo sijaja nalo. Mama anaumwa, anatetemeka. Nimemwachia."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri."

Alisimama akichungulia nje chini ya kofia. Mbingu ilikuwa safi, bluu tupu mpaka chini tambarare, siku ambayo mgeni angepiga picha.

"Swali la ramani litakuwepo tu?"

"Litakuwepo."

"Basi tuombe ukungu," akasema, akaenda kukaa.

Ofisini projekta ilikuwa kwenye kabati la chuma, imefungwa kwa kufuli mbili, na utepe wa uzinduzi bado umening'inia kwenye mpini wa mlango. Sikuifuata. Nilichukua chaki, nikachora kontua kubwa kadiri ubao ulivyoruhusu, na yeye akageuza sikio ubaoni, asikie ninavyochora.

Tuliomba ukungu. Jua likawaka mpaka siku ya mtihani.