Majaribio Yalipoikataa Kazi Yake

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Majengo, juu ya fundi cherehani. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kukokotoa dozi za watoto kwa zahanati za mlimani. Kila badiliko la msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kabla ya kuunganishwa na programu, lilipitia majaribio ambayo kompyuta iliyaendesha yenyewe.

Mwenzangu, dada wa Mwika, alikuwa ndiyo kwanza ametoka likizo ya uzazi. Siku hiyo badiliko lake lilikataliwa tena na tena, mpaka machozi yakamlengalenga.

“Kazi imenitoka kichwani,” akaniambia.

Nikavuta kiti, tukasoma pamoja jaribio lililofeli. Lilihusu mtoto njiti wa kilo moja na nusu. Badiliko lake lilipandisha uzito hadi kilo kamili, likamhesabu kuwa wa kilo mbili, kwa hiyo dawa ingezidi.

“Wangu alizaliwa na uzito huohuo,” akasema.

Akarekebisha mstari mmoja, majaribio yote yakapita.

“Pole, dada. Hata mimi yananikatalia,” nikamwambia. “Ndiyo kazi ya majaribio.”

Akacheka, akajifuta macho, akampigia mama yake kuuliza kama mtoto ameamka.