Majani ya Bibi Zenzi

Kreszenz Hiemer, ambaye mtaani kwetu kila mtu humwita Bibi Zenzi, aliuza tiketi miaka thelathini na moja kwenye dirisha la lile kasri kubwa ng'ambo ya bonde. Ndani aliingia mara moja tu, akasema vyumba vina baridi. Alichokipenda ni gofu la ngome la upande wetu, kuta tatu tu na mti uliomea palipokuwa jiko.

Kila Aprili, theluji ikishatoka msituni, hutupandisha huko. Njiani tunachuma kitunguu saumu cha mwituni, majani yanayofunika ardhi yote chini ya miti. Juu ngomeni huyakatakata, huyachanganya na siagi, tunakula na mkate tukitazama milima, ambayo bado ni myeupe. Mimi alinifundisha nikiwa msichana: jani moja moja, na kila jani liwe na kikonyo chake. Kwa sababu lipo jingine linalofanana nalo, nalo ni sumu. Hilo hutoka ardhini majani matatu pamoja, yamekumbatiana, hayana vikonyo. Kunusa hakusaidii, maana ukishachuma kidogo, mikono na kikapu vyote vinanuka saumu.

Mwaka huu tulikwenda watatu: yeye, mimi na Afra wangu wa miaka minne. Tukiwa uani kwangu Bibi Zenzi alilisalimia koti la mume wangu lililoanikwa kwenye kamba.

"Bibi, hilo ni koti!" Afra akacheka.

"Najua. Lina adabu kuliko baba yako."

Nikacheka nami. Lakini tulipopumzika alimimina kahawa nje ya kikombe, na pale msitu unapokutana na malisho akaanza kung'oa majani kwa konzi.

"Bibi Zenzi, leo una mbio."

"Chuma yako, Mama Afra. Mimi nilichuma haya kabla mama yako hajaota meno."

Nikarudi kuchuma yangu. Niliona haya kumsahihisha.

Juu ngomeni, kipande cha kwanza cha mkate hupewa mdogo kuliko wote, ndiyo desturi yetu. Afra alikuwa ameuma mara mbili nilipotazama kikapuni nikaona majani matatu mazito, yamekumbatiana, hayana vikonyo.

"Tema! Afra, tema!" Niliupiga mkate ukaanguka, nikamtia kidole mdomoni. Akalia.

"Umepatwa na nini wewe?" Bibi Zenzi akasema. Nikampa yale majani. Aliyasogeza mpaka yakagusa pua yake, akapapasa chini kwa kidole gumba, polepole.

"Piga simu," akasema.

Mama aliyepokea simu kwenye kituo cha ushauri wa sumu aliniuliza uzito wa mtoto na ameuma mara ngapi. Akasema twende hospitali na tubebe kila kitu, hata alichotema. Na akicheza tusidanganyike, sumu hii hukaa saa nyingi kimya. Kwa hiyo Afra aliteremka mlima akiimba, na mimi kila alivyoimba nilizidi kuogopa.

Hospitali walimnywesha maji ya makaa yaliyosagwa, ili yanyonye sumu, meno yakawa meusi. Kisha ikawa ni kungoja. Akipiga mwayo, nilisimama. Akijikuna, nilisimama.

"Tangu Krismasi," Bibi Zenzi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walitaka kunipasua Februari nikawaambia wangoje tumalize matembezi. Nilidhani mikono inajua yenyewe."

"Kahawa niliiona, Bibi. Niliona haya kukuambia."

"Haya," akarudia. "Haya yetu ingemzika mtoto."

Alasiri Afra akashika tumbo. "Mama, linauma."

"Wapi? Nionyeshe wapi!"

"Linauma njaa."

Bibi Zenzi akafunika uso kwa mikono miwili. Sikujua kama anacheka.

Asubuhi ya pili daktari alituruhusu kurudi nyumbani. Kikapuni walikuta mashina manne ya sumu. Kwenye kile kipande cha mkate, hakuna hata jani moja la sumu. Ni bahati tu, akasema, wala hakutabasamu.

Jumapili iliyofuata Bibi Zenzi akagonga mlango.

"Mama Afra, vaa viatu."

"Siendi, Bibi. Nisamehe."

"Usipokwenda leo hutakwenda tena maisha, na huyu mtoto ataogopa msitu. Wewe utachuma. Mimi nitakaa."

Akakaa kweli, juu ya jiwe, mikono mapajani. Mimi nilichuchumaa. Kwa saa nzima nilichuma majani kumi na moja.

"Kwa mwendo huo tutakula Krismasi," akasema.

Nilikuwa nimelishika la kumi na mbili, nikilipapasa chini kwa mara ya tatu, na Afra nimembana katikati ya magoti asiguse kitu.