Safari ya Watahiniwa Thelathini na Wanane

Usimwonee wivu mwalimu anayesafiri. Mwalimu Nukta, aliyebandikwa jina hilo na wanafunzi kwa kutosamehe sentensi isiyo na nukta, alikuwa ameizunguka nchi nzima kwa kazi ya kusahihisha mitihani, na alichokiona ni mabweni. Kila likizo ya mwisho wa mwaka alipelekwa shule ya mbali, akalala kitanda cha chini kwenye godoro lililokwisha pamba, akashinda bwaloni na kalamu nyekundu. Ukimuuliza mji fulani ukoje, alikueleza habari za bafu lake.

Na kusoma je? Riwaya iliyokuwa mkobani mwake ilikuwa na miaka sita ipo ukurasa wa arobaini. Macho yaliyoshiba insha mia kwa siku hayana tena hamu ya maneno. Alichoka, jamani. Uzee ulikuwa bado, lakini uchovu ulikwisha fika, ukavua viatu, ukakaa.

Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu, na bahati ikamkumbuka: kituo cha kusahihishia kilikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka kwenye maporomoko ya maji aliyotamani kuyaona tangu alipoolewa. Yeye na mumewe walipanga kwenda. Akaja mtoto wa kwanza, akaja wa pili, kisha maradhi yakamchukua mume. Sasa wenzake wa meza moja ya kusahihishia walikwisha kukodi gari la Jumamosi, naye alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alinunua na raba mpya za kutembelea, mtu mzima yule, akazificha chini ya kitanda asichekwe.

Alhamisi alipewa bunda la insha za shule moja, watahiniwa thelathini na wanane. Mada ilikuwa safari niliyoifurahia. Insha ya kwanza ilianza kwa treni, ikafuata njia ya miguu, mpaka kwenye maporomoko yanayonguruma kama simba. Akaipenda. Ya pili ikapanda treni hiyohiyo. Ya tatu pia. Wote watatu waliteleza kwenye jiwe lilelile, na wote watatu wakaandika: "Baba akanishika mkono, akaniambia, usitazame chini."

Kalamu ikamponyoka. Maneno yale yalikuwa ya mumewe. Ndivyo alivyomwambia kila walipovuka daraja la mbao kwenda sokoni. Miaka thelathini na miwili iliyopita, akiwa bado bibi harusi, aliombwa insha ya mfano kwa ajili ya kijitabu cha marudio. Akaandika safari waliyoipanga, kana kwamba wamekwisha kwenda, akamgeuza mume kuwa baba ili ifae watoto. Kijitabu kilitoka bila jina lake, naye akakisahau. Hata fomu ya kiapo, kwamba msahihishaji hajawahi kutunga vitabu vya marudio, aliitia saini kila mwaka bila kuisoma.

Amri ya kiongozi wa meza, msimamizi wao wa kusahihisha, ilijulikana: insha ya kukariri ni alama nne. Chini ya saba umeanguka insha, na aliyeanguka insha ameanguka somo zima. Mwalimu Nukta akaandika nne, nne, nne, roho ikimuuma. Kosa la watoto hawa lilikuwa kumwamini mwalimu wao, na mwalimu wao bila shaka alikuwa amechoka kama yeye.

Insha ya thelathini na moja ilipanda treni kama zingine, ikafika kwenye jiwe, ikaendelea hivi: "Nikateleza. Baba yangu hayupo, kwa hiyo hakuna aliyenishika. Nikaanguka, goti likatoka damu. Nikainuka nikayatazama maji hivyohivyo. Yalikuwa mazuri."

Aliisoma mara mbili, akampelekea kiongozi, kijana wa umri wa mwanawe wa pili.

"Mama, hii nayo ni ileile," kijana alisema. "Treni, jiwe, simba. Mpe nne."

"Hapa mwishoni ni pake mwenyewe."

"Tutajuaje? Labda kijitabu kina matoleo mawili."

"Hakina."

"Kwani umekiona?"

Angeweza kusema hapana. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Insha hiyo niliitunga mimi," akasema. "Mistari hii mitano sikuiandika."

Wenzake mezani wakainua vichwa kutoka kwenye mabunda yao.

"Si ungeninong'oneza, mama," kiongozi alisema taratibu. "Sasa watu wote wamesikia. Na fomu ulitia saini."

"Nilitia."

"Itabidi niandike ripoti. Kesho asubuhi utarudi nyumbani."

"Najua. Mtoto unampa ngapi?"

Kijana akaisoma upya, kidole kikifuata mistari. "Nane," akasema.

"Basi andika wewe. Kalamu yangu haina tena ruhusa."

Ijumaa asubuhi alikunja nguo zake. Alilia kidogo, na hakujificha: aliyalilia maporomoko, akamlilia mumewe, akawalilia na wale thelathini aliowapa nne. Mwenzake wa kitanda cha juu alishuka kumsaidia kufunga zipu ya begi.

"Utakuja siku nyingine, dada."

"Sitakuja," alijibu bila hasira. "Nimechoka."

"Na mtoto mwenyewe, ni ndugu yako?"

"Hata jina lake silijui. Wanaandika namba tu."

Akajitwika begi, akaenda kusubiri basi.