Mstari wa Kwanza wa Kamusi

Kiburi changu, wasomaji, kilikuwa kamusi kuukuu ya Kiingereza niliyoinunua Makorora kwa mzee aliyerithi vitabu vya padri. Nilikuwa karani wa shamba la mkonge. Wenzangu waliniita Mwalimu, nami nikiitika.

Mke wa meneja alipojifungua, nikachaguliwa kutoa hongera za wafanyakazi. "Mwalimu, usituangushe," mnyapara akaniasa. Nikapekua kamusi kutafuta neno zito, nikalipata: "sili", yaani mbarikiwa. Nikaifunga upesi, neno lisije likanitoroka.

Siku ya karamu nilivaa kanzu na koti, nikasimama mbele ya sinia za pilau, nikatangaza kwa Kiingereza: "Bibi ni sili. Bwana ni sili. Na mtoto huyu, kwa uso wake tu, atakuwa sili kumshinda baba yake!"

Wenzangu wakapiga makofi. Wazungu wakatazama sahani zao.

Meneja akaitaka hiyo kamusi, nikaileta mbio. Akaweka kidole kwenye neno, akaniambia kwa Kiswahili, "Hapa uliposoma ni maana ya kale, ya enzi za mababu zetu. Hebu teremka mstari mmoja."

Nikateremka. Kumbe siku hizi sili ni mpumbavu!

Nikaroa jasho. Bibi akanionea huruma, akanisogezea sahani. "Karani, karibu chakula."

Kwa aibu ile nikairudisha sahani. "Ahsante, bibi," nikamjibu kwa Kiswahili, "sili."

Meneja akapiga meza kwa kicheko. "Hapo sasa umelitumia sawasawa!"