Mafiga ya Mama Kwenye Maji ya Samaki

Mwaka ule tuliokula ugali wa unga wa njano, ule wa msaada ulionuka gunia hata ukiula na majani ya maboga, ndio nilianza shule kule Nanyala. Wa umri wangu mnaukumbuka. Mvua iligoma, mahindi yakakauka, na kahawa hailiwi. Tulikuwa watoto wanane kwenye sinia moja, na kaka yetu mkubwa alikuwa na mkono mrefu, tonge lake linaanzia kwake linaishia kwako. Mama alikaa na mwiko. Ukivuka unapigwa kwenye kifundo, halafu anakwambia taratibu, "Kula mbele yako." Hakuna aliyenuna. Ukinuna, sinia linaisha.

Tulizunguka mafiga matatu ambayo mama aliyatoa mtoni alipoolewa, moja moja, kichwani. Meusi tii, yanang'aa kwa masizi. Asubuhi za baridi ya Mbozi tulipashia nyayo pale kabla ya shule, maana viatu tulivisikia tu. Mjomba alipoleta kambare hai kwenye ndoo kutoka Momba, tuliwachungulia wakigombana, tukataka kuwapa majina. Mama akatukataza: "Msiwape majina, kesho mtawala." Tukawala.

Mama alipofariki, mafiga yakawa yangu. Kwa uji wa mafiga hayo nilimlea mjukuu wangu Ezekia, aliyeachwa na mama yake akiwa mchanga. Mume wangu huyo, kama bibi tunavyowatania wajukuu, leo ni mtu mzima, anashughulikia malori mpakani Tunduma, amejenga nyumba ya vigae. Namjivunia, sifichi. Nyumba yangu ilipobomoka kwa mvua alinifuata, nikaja na mafiga yangu kwenye kiroba. Kwake wanapikia gesi. Kila mtu anachukua sahani yake anaingia nayo chumbani na simu yake. Nikayaweka nyuma ya jiko, angalau niyaone.

Sebuleni ana sanduku la kioo lenye maji, refu kama jeneza. Ndani kuna samaki wa Ziwa Tanganyika, dereva mmoja alimletea kutoka upande wa Zambia. Wakorofi hao. Mwenye nundu kichwani anaitwa Bosi. Mwenzake akisogelea kona yake, anamng'ata mapezi mpaka yanabaki nyuzi. Ezekia anawakatia moyo wa ng'ombe vipande vidogo, anawazimia taa watulie. Eti wana stresi. Sisi na njaa ile hatukuwa na stresi. Tulikuwa na mwiko.

Jumapili moja nilirudi kanisani nikakuta figa moja halipo. Lilikuwa ndani ya maji. Ezekia alikuwa amelisugua kwa maji ya moto na waya wa kusugulia sufuria mpaka likawa jeupe kama mfupa. Miaka yote ile sikujua kwamba lina rangi hiyo. Na baya zaidi, lilifaa. Wadogo waliokuwa wakifukuzwa walijibanza nyuma yake, wamepata pa kupumulia. Ezekia alikuwa anacheka kwa furaha, hakuona kosa. Akasema nikitaka atanirudishia. Atanirudishia nini? Moshi wa mama yangu ulishapita kwenye bomba la sinki.

Kati ya wale wanane nimebaki mimi. Hakuna wa kumuuliza kama unga ule ulinuka kweli au ni mimi tu. Enzi zetu tuligombania tonge, kisha tukalala blanketi moja. Siku hizi nyumbani humu hakuna ugomvi, maana hawakutani. Juzi nilitoka nje peke yangu, nikabandika sufuria juu ya yale mawili. Ikalala ubavu, maji yakazima moto. Nikakaa pale pale kwenye majivu.

Wiki hii Bosi ameanza tena, anawararua wadogo wawili waliokosa pa kujificha. Ezekia akaja akachuchumaa mbele yangu, kwa adabu niliyomfundisha, akaomba mafiga mawili yaliyobaki.

"Watakufa, Bibi."

"Siyatoi. Waache wafe."

Akadhani sijaelewa. Akanieleza upya, pole pole, kama mtu anayemweleza mtoto, amenishika mkono, machozi yanamlenga kwa ajili ya samaki. Nikamwacha amalize.

"Siyatoi. Waache wafe."