Miwani Niliyoiacha Madhabahuni

Nguo za mitumba zina harufu yake, na hakuna sabuni inayoimaliza mara moja: vidonge vya kufukuzia nondo, vumbi la safari, na nyumba za watu usiowajua. Harufu hiyo ilijaa chumba chetu cha Makongeni kwa sababu mama yangu alikuwa fundi wa kurekebisha nguo katika soko la Gikomba, na zile ambazo hakuzimaliza sokoni alizibeba nyumbani kwenye mfuko mkubwa wa nailoni. Jioni aliketi kwenye cherehani karibu na dirisha, akipunguza viuno na kufupisha mikono, huku garimoshi likipita nyuma ya nyumba na sufuria zikitetemeka rafuni. Kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimepata miwani mwaka huohuo, baada ya mwalimu kugundua kwamba nilinakili kutoka ubaoni maneno ambayo hakuyaandika. Siku nilipoivaa mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikitazama paa la jirani. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mabati yana misumari.

Kanisani kwetu, ukumbi wa mabati kando ya reli, uponyaji ulikuwa na utaratibu wake. Kwanza uliombewa. Kisha ulishuhudia kwamba umepona kabla ya kuona dalili yoyote, maana anayengoja kuona ndipo aseme, tuliambiwa, hana imani. Mwisho uliacha madhabahuni kile ulichokuwa ukikitegemea. Chini ya mimbari palikuwa na kreti kuukuu ya mkate iliyojaa vitu hivyo: mkongojo, mikanda ya mgongo, chupa za dawa zilizobaki nusu. Jumapili moja ya baridi ya Julai, Pasta alinipaka mafuta kwenye kope, akaniombea hadi shati lake likamganda mgongoni, kisha akaniuliza kama ninaona. Nikafungua macho, nikasema ninaona. Sikudanganya, kwa sababu niliona ukungu uleule niliouzoea, na katikati yake uso wake mkubwa, karibu kabisa. Mama akaichukua miwani mkononi mwangu, akaitia kwenye kreti, akashika maikrofoni na kuwashuhudia watu wote kwamba macho ya binti yake yamefunguliwa. Vigelegele vilipigwa. Sijawahi kumwona amefurahi vile, ingawa kusema kweli siku hiyo sikumwona, nilimsikia tu.

Kesho yake ubao ulikuwa umerudi kuwa ukuta. Niliishi kwa kunakili kutoka daftari la Achieng', niliyeketi naye dawati moja, ambaye aliyasogeza maandishi yake karibu nami bila kuombwa, lakini hakukosa la kusema. "Wee Mwende," aliniuliza siku moja, "kwani uliombewa macho ama ulinyang'anywa?" Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia chooni. Jambo lililonichanganya zaidi ni sindano. Kila jioni Mama alininyooshea sindano na uzi, nami niliutunga mara moja, maana vitu vya karibu nilikuwa nikiviona vizuri tangu mwanzo. Yeye wala mimi hatukujua kwamba kuna macho ya namna hiyo, yanayoona tundu la sindano na kupotewa na mlima. Uzi ukiingia, alisema polepole, "Asante Yesu," na kukanyaga cherehani. Basi nikaamua kwamba Mungu alikuwa amefanya sehemu yake, na aliyekuwa akiharibu ni mimi. Niliichunguza roho yangu kama mtu anayetafuta kunguni kwenye godoro. Nilikumbuka sukari niliyoilamba kwenye mkebe. Nikaitubu sukari ile wiki tatu mfululizo, na ubao ukabaki kuwa ukuta.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; mimi niliumbuliwa na mfuko wa nailoni. Jioni nilikuwa nikimngoja Mama kando ya Jogoo Road ili nimsaidie mzigo. Siku hiyo nilimwona anakuja, kitambaa cha kijani kichwani, mfuko begani, nikakimbia na kuushika mfuko. Ukavutwa kwa nguvu. "Wewe mtoto, niachie mzigo wangu!" Haikuwa sauti ya Mama. Mtaani kwetu, kuvuta mfuko wa mtu barabarani si jambo la kucheka. Wanaume wawili walikuwa tayari wamesimama na kugeuka. Ndipo nikamsikia mama yangu, hatua kumi hivi nyuma ya yule mwanamke, akisema, "Huyo ni wangu. Samahani, dada, huyo ni mtoto wangu." Tulibeba mfuko pamoja hadi nyumbani. Tulipofika aliniweka kwenye kona moja ya chumba, akaenda kusimama ile nyingine, karibu na dirisha.

"Nimeinua vidole vingapi?"

Niliomba kwa sekunde moja, kwa imani yangu yote. "Vitatu."

"Sijainua hata kimoja," alisema. Akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Mwende, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshashuhudia, Mama."

Jioni ile hakushona.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Mama alisimama na kuomba miwani yangu irudishwe. Mabenchi yalilia, watu wakigeuka kumtazama. Pasta alimweleza kwa upole kwamba ugonjwa uliofukuzwa ukiitwa tena hurudi na wenzake, na kwamba shaka ni mlango. Hakuwa mtu mbaya. Naamini aliogopa kweli kwa ajili yangu. Mama alitembea hadi mbele, akainama, akapekua kreti ile.

"Acha urudi, Pasta," alisema. "Utamkuta amevaa."

Akaipangusa miwani kwa leso, akanivisha, na tukarudi kuketi kwenye benchi letu. Nilitarajia tuondoke. Tulikaa hadi sala ya mwisho, yeye amefumba macho na kuomba kama kawaida, mimi yangu nimeyakodoa. Na kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni Pasta akisoma, Biblia ameinyoosha mbali mkono mzima, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Sasa ninaishi mtaa wa Fedha, nina shahada ya falsafa, na ninauliza kila kitu. Kwa miaka mingi nilijivunia kwamba shaka yangu niliipata chuoni. Jumapili nikienda Makongeni kwa Mama tunabishana huku tukila chapati: namuuliza zile chupa zilizobaki nusu zilikuwa za nani, na kama wenyewe waliwahi kurudi kuzichukua. Hajui. Naona swali hilo linamuuma, na bado nalirudia, kwa sababu nadhani imani isiyoweza kulibeba haijakua. Lakini siku moja nilimuuliza kwa nini hakuhama kanisa lile, akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake. "Niliyekataliana naye ni Pasta," alisema. "Kwani Mungu ndiye alikuwa amekalia miwani?" Mimi nimeacha mengi maishani nikiwa peke yangu na kitabu, bila kutazamwa na mtu. Sijawahi kuinuka mbele ya watu ninaowapenda nikasema nilikosea, kisha nikaketi tena katikati yao.

Siku hizi macho ya Mama ndiyo yasiyoona karibu. Ana miwani aliyoichagua Gikomba, na kabla ya kuivaa huipulizia, huipangusa kwa leso, na kusema polepole, "Asante." Jumapili iliyopita nilitaka kumuuliza anamshukuru nani, Mungu au fundi wa vioo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaninyooshea sindano na uzi, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka kwamba anaona, akacheka, na kuitunga mwenyewe.