Mlingoti Juu ya Miraa ya M'Ikiara

Siku ya kwanza kazini nilipewa panga na mlingoti wa rangi nyekundu na nyeupe, nikaambiwa nisiuachilie hata nikiumwa na siafu. Wakati huo walitaka kuleta bomba la gesi kutoka nchi jirani lipitie kwetu, na sisi tulikuwa watu wa kufungua njia. Unafyeka kichaka, unasimamisha mlingoti, mpimaji anautafuta kwa darubini kutoka mbali. Akiuona, mnapigilia kigingi, mnasonga mbele. Asipouona, kazi imelala.

Kijijini Ruiri tulipita vizuri. Shida ilitungoja Muthara, shambani kwa mzee M'Ikiara. Mbele yetu ilisimama mbaine, ile miti ya miraa ya zamani iliyopandwa na babu zake.

"Karimi, kata," akasema Bwana Mutisya, mpimaji mkuu. "Sioni kitu."

M'Ikiara alikuwa ameegemea mti, panga begani. "Kata, mama. Lakini anza na mimi."

Nikasimama. Mume wangu alikuwa amefariki, na watoto walikula kwa kazi hiyo tu. Lakini kwetu mbaine haikatwi, ni mwiko. Mwenzangu Kathure alishaanza kurudi nyuma polepole.

"Sikati, Bwana Mutisya."

"Basi weka panga chini uende kwenu."

Nikaliweka. Mlingoti nikabaki nao. "Wacha nipande nao basi, uonekane juu ya majani."

Hapo ndipo M'Ikiara alikasirika kweli, maana kwetu mwanamke hapandi miraa.

"Mwanamke juu ya mbaine yangu? Ikauke? Lete hapa!"

Akaninyang'anya mlingoti, akavua viatu, akapanda na uzee wake, akitutukana sote kwa Kimeru. Rangi nyekundu ikachomoza juu ya majani. Bwana Mutisya akainamia darubini. Tawi likalia.

"Nimeona! Kushoto kidogo, mzee. Hapo hapo!"

Bwana Mutisya akaokota panga langu, akanirudishia. Tukakimbia kupigilia kigingi ng'ambo ya miti, tukimsahau mzee, mpaka sauti ikatoka juu:

"Nyinyi! Nishuke, ama nimeandikwa kazi?"

Nilishika mlingoti ule miaka mingi, mpaka magoti yakakataa. Bomba halikuja; kigingi cha Muthara kililiwa na mchwa. Mbaine bado inachumwa. Na M'Ikiara, hata alipokuwa anatembea na mkongojo, kila tulipokutana sokoni aliniita mbele ya watu wote:

"Karimi! Bomba limefika, ama niendelee kukaa juu?"